Siku Shangazi Alipolia Korona

Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la mama ntilie nje ya kiwanda kimoja cha sukari huko bara, nakula wali na maharage. Saa ya wafanyakazi kupumzika ikafika, king'ora cha kiwanda kikalia. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshasimama, mkoba begani, mguu mmoja mbele.

"Unaondoka, dada?" mama ntilie akaniuliza. "Mbona wali hujaumaliza?"

Nikakaa. Nikacheka ili naye acheke.

Miguu yangu, rafiki yangu, ilifundishwa kuinuka kwa mlio wa namna ile nikiwa mtoto, miaka ya hamsini, katika shamba la mkonge nje ya Tanga. Tangu hapo nimehamahama sana. Nimekuwa karani Mwanza, nimeuza vitenge Mombasa, nimeishi Lusaka kwa watu nisiowajua na nikaondoka bila kuwajua. Mengi nimeyasahau njiani. Mlio ule haukunitoka, kwa sababu siku moja, mchana kweupe, nusura umuue bibi yangu, na mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Shamba letu lilikatwa na mto. Upande mmoja kulikuwa na kambi, safu za vyumba vya wafanyakazi, na nyuma ya kambi mkonge ulienda mistari kwa mistari mpaka jicho linachoka. Ng'ambo, juu ya kilima, kulikuwa na korona, mtambo wa kusaga majani ya mkonge na kutoa katani. Harufu ya korona ilikuwa kali na chachu, kama maji ya kunde yaliyolala. Mgeni aliziba pua, sisi tuliihisi tu tulipokuwa tumesafiri na kurudi.

Kati ya kambi na korona palikuwa na daraja moja, la reli. Halikuwa na ukingo wala mahali pa kujibanza. Reli mbili, mataruma ya mbao chini yake, na kati ya taruma na taruma uwazi, na chini ya uwazi mawe na maji ya kahawia. Treni ikikukuta katikati unachagua mawe au magurudumu. Na sote tulipita hapo kila siku: kina mama waliokwenda kuanika katani, watoto waliopeleka chakula, na Bibi yangu, mama yake Baba, ambaye aliwapikia wasagaji wa korona bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa wa nazi. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Mimi ndiye niliyemwongoza, chungu cha mchuzi kichwani, mkono wake begani mwangu.

"Taratibu, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia. "Ukinimwaga mtoni utakosa wa kugombana naye."

Treni yenyewe tuliiita Shangazi. Ilikuwa gari la moshi dogo, jeusi, lenye dohani refu, lililoletwa na Wajerumani zamani na kushushwa bandarini Tanga vipande vipande. Hivyo ndivyo wazee wa kambi walivyosema. Tuliiita Shangazi kwa sababu ilikuja ikipiga kelele tangu mbali, haikuondoka mpaka ile na kunywa, na hakuna aliyethubutu kuikalia njiani. Ilikula kuni, rundo baada ya rundo, na ilikunywa maji kwenye tangi karibu na mto. Baba alianza kwa kumchochea moto Shangazi huyo, kisha akawa dereva wake. Nguo zake zilinuka mafuta na moshi hata zikifuliwa mara mbili. Siku nyingine alichoma muhogo juu ya koleo ndani ya tanuri la treni na kutuletea umefungwa kwenye kitambaa, ganda jeusi, ndani unga mtupu. Sijala tena muhogo wenye ladha ile. Wa mkaa haufiki.

Sasa sikiliza desturi yetu, kwa maana mambo yote yametoka hapo. Shangazi alitoka mashambani na matoroli yaliyojaa majani, akapita kambini, akavuka daraja, akapanda kilima hadi korona. Akifika, Baba alivuta kamba na Shangazi akalia mara moja, mlio mrefu, kuwaita wapakuaji. Kwao ulikuwa mwito wa kazi. Kwetu huku kambini ulimaanisha kwamba treni iko juu, imesimama, na haitashuka mpaka matoroli yaishe kupakuliwa. Daraja ni letu. Kwa hiyo wanawake walikaa ukingoni na vikapu mapajani, wakapiga soga, wakasukana, bila kutazama reli hata kidogo. Shangazi akilia, wote waliinuka kama watu wanaoinuka kwenye swala. Na akitaka kurudi, Baba alipiga milio mifupi mifupi. Hapo aliyekuwa darajani alijua treni inatoka mbele yake, akageuka mbio kurudi alikotoka.

"Mguu usikanyage taruma mpaka Shangazi alie korona." Watoto wa kambi ile tuliambiwa hivyo kabla ya kuambiwa tusicheze na moto. Na kwa miaka yote ambayo Bibi aliikumbuka, daraja halikuua mtu.

Kisha ikaja dizeli.

Ilikuwa ya rangi ya manjano, safi, fupi, na injini yake ilinguruma chini chini tu, hasa upepo ulipotoka baharini na kuusukuma mngurumo nyuma mashambani. Watu wakaiita Mkwe, kwa sababu ilitokea kimya kimya na nguo nzuri, haina salamu. Dereva wake alikuwa kijana kutoka Moshi, mcheshi, mwenye kofia aliyoivaa upande. Shangazi akaondolewa njiani. Walimweka juu kwenye kipande cha reli pembeni mwa korona, wakamkaza magurudumu kwa magogo, wakamfunga bomba ubavuni, na mvuke wake ukawa unaendesha pampu ya maji ya mtambo. Baba akabaki naye. Hakuwa dereva tena. Alikuwa mtu wa kuchochea moto wa chombo kisichokwenda popote.

Yule kijana wa Mkwe alimtania kila alipofika juu. "Shikamoo, mzee. Sufuria lako bado halijapasuka tu?"

"Marahaba. Likipasuka utalisikia, usiwe na haraka."

"Mimi nitaliona, mzee! Nitaona moshi mweupe umefunika korona, nitafunga breki hukohuko nikuombee dua."

Baba alicheka naye. Nyumbani hakucheka. Alikula na kulala mapema, na Mama alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa asiyesema anaumwa wapi.

Sisi tukabadili desturi. Mkwe hakulia alipofika korona, kwa hiyo tulingoja tumwone kwa macho amepita daraja ndipo tuvuke. "Imepita?" Bibi aliniuliza. "Imepita, Bibi." "Umeiona wewe mwenyewe, au umeambiwa?" Hakuipenda kazi hiyo ya kuazima macho.

Huko korona saa za kupumzika zilitangazwa kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa juu ya mti. Mtambo ulipoongezwa, kelele zikazidi, watu hawakukisikia. Meneja akaamuru kwamba tangu kesho yake saa ya chakula cha mchana itangazwe kwa mluzi wa Shangazi. Akamwambia Baba. Kambini hakuna aliyetumwa kusema.

Na Baba naye hakusema. Alikuja kutueleza baadaye, tena mara moja tu, kwamba alitaka kumshtua mama yake kwa furaha. Alikesha anausugua mluzi ule wa shaba kwa majivu na ndimu. Alijua Bibi atakuwa kule ukingoni na chakula, atamsikia Shangazi akilia tena, na atatabasamu.

Ilikuwa siku ya jua baada ya mvua. Tulikaa ukingoni, mimi, Bibi, jirani yetu wa Kizigua ambaye alikuwa mtani wa Bibi, na kina mama wengine wa kuanika katani. Mkwe alikuwa amechelewa. Reli zilikuwa zinateleza kwa matope kule mashambani, na matoroli yalijazwa kupita kiasi ili kufidia. Tulijua hajapita. Hilo ndilo jambo ninaloligeuzageuza kichwani mpaka leo: tulijua, wote, hata mimi mwenye macho mazuri.

"Mchuzi wako utakuwa umeganda, wee Mbondei," jirani akamwambia Bibi. "Wakiunywa watajua leo papa alikufa mara mbili."

"Wako ukiganda ni nafuu. Ukiwa moto watu wanausikia ladha."

Wanawake wakacheka, na kicheko kikiwa bado midomoni, juu ya kilima Shangazi akalia. Mlio mrefu, uleule, wenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

Siwezi kukueleza furaha ya dakika ile. Mmoja alipiga kigelegele. Mwingine akasema, "Jamani, bibi kizee kafufuka!" Bibi yangu alitabasamu, kama Baba alivyotaka, akajishika goti, akainuka. "Haya," akasema, "Shangazi kafika." Na sote tukainuka. Vikapu vikapanda vichwani, kanga zikakazwa, tukaingia darajani mmoja nyuma ya mwingine, tunaongea. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Kwa nini atazame? Shangazi amelia korona.

Kina mama walitangulia, mimi na Bibi tukiwa wa mwisho, kwa kuwa alivuka polepole. Alipiga hatua kila niliposema "taruma." Taruma, hatua. Taruma, hatua. Tulikuwa tumekaribia katikati aliposimama. Alikuwa peku, nyayo zake zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma.

"Mke mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "mbao inatetemeka."

Nikatazama mbele. Reli ilikuwa tupu mpaka juu. Hapo ndipo jirani alipogeuka kututazama, na nikaona uso wake kabla sijasikia neno.

"Nyuma! Linakuja nyuma!"

Kule juu Baba alikuwa ameuachilia mluzi na kutazama bonde ili aone kama mama yake amesimama kusikiliza. Akaona kanga darajani. Akatazama zaidi, akaona juu ya vichwa vya mkonge lile paa la manjano la Mkwe linashuka, bado liko nyuma ya kona, na dereva, ingawa kilima anakiona, hawezi kuliona daraja mpaka aimalize kona hiyo, na akiimaliza na mzigo ule amechelewa kusimama. Mkono wa Baba ulikuwa bado kwenye kamba. Akipiga milio mifupi, tutageuka kurudi, na kurudi ni kumfuata Mkwe usoni. Akipiga mrefu, tutasikia kwamba daraja ni letu na tutakwenda taratibu. Lugha yote tuliyokuwa nayo sisi na yeye haikuwa na sauti ya kutuokoa. Na yeye ndiye aliyetuita.

Kuna jambo moja ambalo mchochea moto hafanyi. Haachi moto uwake chini ya boila, lile pipa la kutengenezea mvuke, ikiwa haina maji. Baba alilijua hilo tangu ujana wake. Akafungua koki zote, za juu na za chini, mpaka ya kumwagia maji, Shangazi akapumua kwa kishindo na wingu jeupe likaifunika korona nzima, mtambo, mti, watu. Kuvuta kuni zilizowaka na kuzitoa nje kungemchukua muda. Hakuzitoa. Aliruka chini akakimbia kuelekea darajani.

Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Mimi niliona wingu, nikaona kina mama wanakimbia mbele, vikapu vinaanguka na kupotea chini kati ya mataruma, na nikausikia sasa mngurumo wa Mkwe, si masikioni, miguuni.

"Niachie bega," Bibi akasema. "Wewe nenda."

"Siendi."

"Nenda nimekwambia, mwana we!"

"Taruma!" nikapiga kelele. "Taruma, Bibi! Taruma!"

Akanitukana kwa Kibondei, tusi ambalo siwezi kuliandika, na akapiga hatua. Nikasema tena, akapiga tena. Chungu sikumbuki nilikitupa wapi. Nyuma yetu chuma kikaanza kulia juu ya chuma, kelele ndefu ya kukwaruza iliyonifanya nifumbe macho huku nikiendelea kusema taruma, taruma, na Bibi akiendelea kuniamini nikiwa nimefumba.

Kisha kukawa kimya. Harufu ya breki zilizoungua ikatupita. Nilipogeuka, pua ya manjano ilikuwa imeingia darajani, karibu kiasi cha kuiona sura yangu kwenye kioo chake, na matoroli mawili yalikuwa yamepinduka nyuma, majani ya mkonge yakielea mtoni. Yule kijana aliteremka, kofia hana, akakaa juu ya reli.

"Niliona moshi mweupe," alikuwa akisema. "Nikajua sufuria la mzee limepasuka. Nikafunga breki. Niliona moshi tu, wallahi, nyie sikuwaona."

Bibi aliigeukia sauti. "Wewe ndiye Mkwe?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Siku nyingine ukija ukweni, bisha hodi."

Alisema hivyo, na mkono wake haukuniachia bega. Baba akafika kutoka mbele. Alimgeuzia mama yake mgongo, akachuchumaa, akambeba kama anavyobebwa mtoto, na kumpeleka ng'ambo.

Jioni harufu ya chuma kilichoungua ilifika kambini. Boila ya Shangazi ilikuwa imepinda ndani, mabomba yamefumuka. Hakutoa mvuke tena. Meneja alimwita Baba mbele ya watu, akamuuliza ni mchochea moto gani anayemwaga maji na kuacha moto. Baba akajibu, "Mama yangu alikuwa darajani." Meneja akasema hilo ni jambo jingine, yeye ameuliza habari ya boila. Akamwambia asije kazini kesho.

Kesho yake wanawake walikwenda ukingoni kama kawaida, wakakaa, vikapu mapajani. Mkwe akapita, akapanda, akapakua. Hawakuinuka. Katani ikarundikana korona, mbichi, hakuna wa kuianika. Nyapara akavuka kuja kuwafokea.

"Mnangoja nini? Gari limeshapita!"

"Tunangoja Shangazi alie," jirani yetu akamjibu.

"Shangazi amekufa, nyie."

"Basi tupo msibani. Karibu ukae."

Wakakaa hivyo siku hiyo na iliyofuata. Bibi aliketi katikati yao ingawa hakuwa na kazi ya katani. Katani ilipoanza kuharibika, meneja mwenyewe alishuka, akatazama daraja, akawatazama, na akauliza wanataka nini. Walitaka mtu wa kusimama ng'ambo awaambie lini wapite. Na mtu huyo walimtaja.

Ndivyo Baba alivyopewa bendera mbili, nyekundu na ya kijani, na kibanda kidogo cha makuti mwisho wa daraja. Hakuendesha kitu tena maishani. Kutoka pale alimwona Shangazi juu ya kilima, amepauka, majani yamemwota dohani, mpaka walipokuja watu na moto wa gesi kumkata vipande na kumpakia kama chuma chakavu. Siku hiyo Baba aliinua bendera ya kijani gari lililombeba lilipopita. Nilikuwepo. Hakulitazama.

Bendera zilimfaa kila mtu isipokuwa Bibi, ambaye hakuziona. Kwa hiyo Baba alimpigia kelele kutoka ng'ambo, kila mchana.

"Mama! Pita!"

"Nani anasema?"

"Mimi!"

"Mimi nani? Wamimi ni wengi!"

"Mwanao, Mama. Pita."

Hapo ndipo alipoweka mkono begani mwangu.

Wote hao hawapo sasa. Kamba za nailoni ziliingia madukani, mkonge ukaachwa, kambi ikabomoka. Nilipotoka kule kwenye kiwanda cha sukari nilipanda basi mpaka Tanga, nikalala kwa binamu yangu mtaa wa Chumbageni, na asubuhi nikaazima baiskeli yake kwenda shambani. Korona ni kuta nne na mti. Reli zimeng'olewa, mataruma yamekwenda kupikia watu chakula, zimebaki nguzo za mawe zimesimama mtoni bila kubeba kitu. Mwanamume aliyekuwa akikata majani ya mbuzi aliniambia maji ni ya magotini tu, nivue viatu nivuke.

Nilivua. Nikasimama ukingoni viatu mkononi, mwanamke mzima niliyevuka mipaka ya nchi bila kuuliza mtu, na mguu ukakataa kuingia majini. Nilikaa pale muda mrefu, nikitazama ng'ambo, kama kuna mtu atakayeniambia nipite.